Mwalimu wa Mateka

"Hapana," Hedwiga alisema. "Mateka haangalii bunduki. Anaangalia viatu vya aliyeishika."

Careen, mwigizaji kutoka Dar es Salaam, akashusha macho. Papo hapo akaonekana amezeeka miaka kumi. Abdulmajid, mwongozaji wa filamu, akatikisa kichwa kwa kuridhika.

Walikuwa wanapiga picha kwenye shamba la mkonge lililotelekezwa, nje kidogo ya mji wa Same, milima ikiwa imewainamia kwa nyuma. Filamu ilihusu mateka wa vita vya msituni katika nchi jirani. Hedwiga alitoka huko. Miaka ishirini iliyopita alishuka kwenye basi pale stendi, amekonda, hana hata mfuko wa nguo, akamwambia mchungaji kwamba alikaa kambini kwa waasi miaka mitano. Hakuongeza neno. Usharika ukamlilia, ukampa chumba. Baadaye Eliezeri, mkulima wa tangawizi kutoka milimani, akamwoa bila kumuuliza kitu.

"Mama, wale waasi walikuwa wanaongea nini?" Abdulmajid aliuliza. "Kwenye mswada wangu wanabweka tu."

"Mahindi. Mvua. Ardhi waliyonyang'anywa." "Jumapili waliimba nyimbo za kanisani. Ukiwafanya wanyama, mwanangu, watazamaji watarudi nyumbani walale vizuri."

Abdulmajid akaandika haraka haraka. Mchungaji ndiye aliyemsihi Hedwiga aje kuwafundisha waigizaji, ili dunia ijue. Naye alikubali, maana alikuwa amechoka kuyabeba mambo ya kambini peke yake.

Saa tisa alasiri basi likaleta mateka wengine, watu ishirini waliochukuliwa kutoka miji ya Mwanga na Kifaru kwa kazi ya siku moja. Walikuwemo wenyeji, walikuwemo na wageni waliohamia huko zamani kutoka nchi jirani. Wakapangwa mstari juani. Wilbard, aliyeigiza kamanda wa waasi, akawafokea mpaka mishipa ya shingo ikamtoka. Mtu mmoja akacheka, kisha mstari mzima ukaangua kicheko.

"Mama, msaidie," Abdulmajid alisema. "Kamanda wenu alikuwa anasemaje?"

"Hakufoka," Hedwiga alisema.

"Tuonyeshe basi."

Alitaka kukataa. Lakini miguu ilikwishampeleka mbele, pole pole, mpaka akasimama mbele ya wale watu. Akanyoosha mgongo. Akatamka maneno mawili ya lugha ya kwao, ya kuwaamuru wapige magoti, kwa sauti ya mtu anayeomba apitishiwe chumvi mezani.

Kicheko kikakatika. Careen akarudi nyuma hatua moja bila kujijua. Waliopangwa mstari wakabaki kutazamana, hawakuelewa walichoambiwa.

Isipokuwa mwanamume mmoja mwenye mvi, kule mwisho wa mstari. Yeye alikuwa tayari amepiga magoti, mikono kisogoni.

"Kamanda," alimwambia Hedwiga kwa lugha ileile, "mwanangu bado mdogo. Nichukue mimi."