Wachezaji wa Video Isiyo na Sauti

Kila Ijumaa Bi Ruzuna, mwalimu wa ngoma, aliwatumia wanafunzi wake video aliyoiokota mtandaoni pamoja na habari za darasa. Wiki hii habari ilikuwa moja: darasa linafungwa, mmebaki wawili tu. Video ilikuwa ya zamani, haina sauti. Watu wanacheza, mpigaji kaiinamia ngoma.

Kabla ya kuituma, aliivuta ngoma yake kutoka juani alikoianika ngozi ikaze, akaifuata mikono ya yule mpigaji kwenye simu. Mara mtandao ukakatika, mpigaji akaganda. Bi Ruzuna hakuacha kupiga. Wachezaji nao hawakuacha kucheza.

"Mama, umeshawaaga?" mkwewe aliuliza kutoka jikoni.

"Bado, mwanangu. Nitaachaje, na watu wanacheza?"

Akapunguza pigo. Kwenye kioo cha simu mwanamke mmoja akageuka kumtazama, mguu wake ungali juu, ukingoja.