Mkono wa Blauzi

"Bibi, kunja mkono wa blauzi nikupime presha," muuguzi akasema.

"Funga juu ya nguo, mwanangu. Nasikia baridi."

"Baridi gani na jasho hilo?"

Binti yangu, aliyenisindikiza, hakuinua macho.

Chini ya blauzi nilijaa vipele hadi mabegani, vingine nimevikuna mpaka vikatoka damu. Vililetwa na dripu ile ile inayoamsha kinga ya mwili ipigane na saratani. Madaktari waliniambia vikitokea niseme mapema. Lakini mgonjwa mwenzangu alisema, wakamsimamishia dawa. Na uvimbe wangu ndiyo kwanza umeanza kunywea. Nikanyamaza.

"Kitendawili," nikamwambia muuguzi.

"Tega."

"Nina mgeni. Nikimficha, ananila. Nikimtaja, nafukuzwa mimi."

Akafikiri, kipimo kikining'inia mkononi mwake. "Umenishinda, Bibi. Chukua mji."

"Mji sitaki. Niambie tu, leo nitatundikiwa dawa?"

Kabla hajajibu, binti yangu akasogea, akakishika kifungo cha mkono wa blauzi.

"Shuka zako nani anazifua, mama?" akasema taratibu. "Damu yote ile, ulidhani nitasema ni kunguni?"

Akafungua. Kitambaa kilikuwa kimegandia kwenye kidonda, akakibandua kidogo kidogo kama anayemenya yai. Niliona ngozi ikifuata. Muuguzi akaweka kipimo chini.

Nikampa binti yangu na mkono wa pili.