Bi Harusi Amwangusha Trekta

Bi Harusi alijipiga mapaja, paa, paa, akainama, akamwinua Trekta mabegani. Uwanja mzima wa Kibondo ukasimama.

"Mwangushe! Mwangushe!"

Akajizungusha mara moja, akamtupa. Trekta akatua kwa nyonga ya kulia, mbao za ulingo zikalia.

"Trekta limezima!" akapiga kelele muuza karanga. "Leteni watu wasukume!"

Pambano lilikuwa limepangwa. Maumivu ya mbao hayakupangwa. Trekta alijiviringisha chini ya kamba, akaondoka akichechemea, kinyago chake cheusi kimeenda upande. Bi Harusi akabaki ulingoni na kinyago chake cha shela nyeupe, akiwapungia watu. Lilikuwa pambano lake la tatu, na ushindi wake wa kwanza.

Nyuma ya turubai, Basile, Mkongo aliyewafundisha mieleka, ambayo yeye huiita kachi, alimwonya kama kawaida yake.

"Siku batu banaona uso yako, kachi imekufa."

Kwa hiyo kila mmoja alikuwa na hema lake na njia yake ya kutokea. Hata mazoezini walivaa vinyago, na kuongea kulikatazwa. Adui wa ulingoni, kwa maneno ya Basile, hutakiwi kumjua hata chafya yake.

Shela ilipovuliwa, Bi Harusi akawa Winifrida wa Kagerankanda, mkulima wa maharage, mchumba wa Fidele. Na Fidele alijua kwamba Jumamosi hiyo mchumba wake alishinda shambani akivuna.

Kesho yake, baada ya ibada, Fidele alimpakia kwenye pikipiki kumpeleka Mabamba akaonekane kwa mama yake.

"Mama ni mtu wa kwaya," alimwambia njiani. "Hapendi mwanamke wa fujo. Nilimleta Chantal, akamkataa kwa sababu alisikia alijibizana na kondakta stendi. Jeannette alicheka mdomo wazi, basi, kwaheri. Na hii mieleka inayozunguka siku hizi, anasema ni mambo ya wahuni."

"Kweli, ni ya wahuni," alisema Winifrida, bega likimuuma.

"Wewe usiogope. Akikukumbatia tu, yamekwisha. Na mama anakumbatia kila mtu. Hata mkusanya ushuru."

Salamu za huko ni kukumbatiana, kifua kwa kifua, kulia na kushoto, huku mnaulizana habari za nyumbani mpaka migongo ipate joto. Mgeni asiyekumbatiwa ameshajibiwa.

Mama Fidele hakuinuka.

Alikuwa barazani, mama wa mwili, kilemba cha kanisa kichwani, kakalia mto juu ya kiti. Alinyoosha vidole vinne.

"Shikamoo, mama," Winifrida alisema, akivipokea vile vidole kwa mikono miwili.

"Marahaba. Karibu, binti."

Fidele akatazama chini. Hakuna aliyeleta maji ya kunywa. Jikoni hakukutoka moshi.

"Unaimba?" aliuliza Mama Fidele.

"Kidogo, mama."

"Unagombana na watu?"

"Hapana, mama."

"Hata siku moja?"

"Hata siku moja."

"Hm."

Fidele akajaribu kuokoa jahazi. "Mama, semina ya kina mama jana kule mjini ilikuwaje?"

"Ilikuwa na mafundisho mazito," alijibu mama yake, akajiweka sawa kwenye mto, uso umekunjamana.

Winifrida alijua amekwisha. Alikuwa anatafuta namna ya kuaga bila kulia, ndipo matone ya kwanza ya mvua yakapiga bati. Uani kulikuwa na gunia la muhogo mkavu, limejaa mpaka limeshindwa kufungwa.

"Fidele! Muhogo huo!" alifoka Mama Fidele. Lakini hata yeye mwenyewe hakunyanyuka.

Fidele akalivuta gunia, likagoma. Akalikumbatia, likamkalisha kwenye tope.

Winifrida akalitazama gunia. Akasahau kwaya, akasahau Chantal na kondakta wake. Akajipiga mapaja, paa, paa, akainama, gunia likapanda mabegani. Akajizungusha mara moja, akalitua barazani. Baraza ikatikisika.

Alipogeuka, Mama Fidele alikuwa anamtazama, mdomo wazi.

"Fidele," mama alisema taratibu, "nenda dukani ukaniletee chumvi."

"Mvua hii, mama?"

"Chumvi."

Pikipiki ikaondoka ikikohoa. Mama Fidele akaonyesha ndani kwa kidevu.

"Ingia. Halafu ufunge mlango."

Winifrida akaingia, akamngoja. Kichwani alikuwa anapanga maneno: ataacha mieleka, ataichoma shela, atajifunza nyimbo zote za kitabuni. Basile amtafute Bi Harusi mwingine.

Mama Fidele alishika mwimo wa mlango, akajivuta ndani hatua kwa hatua, mkono mmoja kiunoni. Mlango ukafungwa.

"Mama, naomba nikueleze..."

"Nyamaza."

Akamsogelea mpaka pumzi zake zikamfikia usoni. Kisha akamkumbatia, kifua kwa kifua, kwa nguvu. Upande wa kushoto tu.

"Jumamosi tuko Kasulu," akamnong'oneza sikioni. "Ukininyanyua tena, mkamwanangu, niangushie upande huu. Ule mwingine umeshaumaliza."