Saini ya Penseli

Fundi Kibwega aliisoma barua mara mbili, akairudisha mezani. Chuo kimepandishwa hadhi, ilisema. Kuanzia kesho, mwalimu asiye na cheti haingii darasani.

"Tunu, mwanangu, banda la kwanza la chuo hiki niliezeka mimi. Na wewe ulikuwemo, unashika randa kama mwiko."

"Najua, mwalimu wangu," akajibu Tunu, mkuu wa chuo. "Lakini wakaguzi wanataka cheti."

Kibwega akainua macho ukutani. Kilining'inia pale cheti cha Tunu, cha kwanza kutolewa chuoni. Kibwega ndiye aliyekisaini, tena kwa penseli ya useremala, maana siku ile chuo hakikuwa na mkuu wala kalamu.

"Na hicho alisaini nani?"

Tunu akageuka, akakitazama weee. Kisha akainuka, na mzee akadhani sasa barua itachanwa. Tunu akakishusha cheti, akakilaza kifudifudi ndani ya droo, akaifunga kwa ufunguo.

"Saini hapa, mwalimu," akasema, akimsogezea kalamu. "Kwamba barua umeipokea."

Kibwega akaishika kalamu. Ukutani ulibaki msumari mmoja, na mraba mweupe ambao vumbi lilikuwa halijaufikia.