Uzi wa Sanda

Alasiri moja, katika mji ambao jina lake halitatufaa kitu, Mwanahawa alikuwa akishona sanda ya jirani huku mumewe akikohoa nyuma ya pazia. Mwanamke huyu alikuwa na tabia moja: hofu ikimbana, hutafuna uzi. Na wanawake wa mji ule waliamini kwamba uzi wa sanda ukitiwa jino, sanda ya pili hushonwa nyumba ileile.

"Shika kijiti hiki cha mwarobaini," alisema Bi Shuweha, mzee aliyeshona naye. "Hofu ikija, tafuna hiki. Meno yako yana njaa kuliko panya wa dukani."

"Kichungu, bibi."

"Uchungu wake dawa, mwanangu. Tafuna polepole, uvute pumzi."

Mwanahawa akacheka kidogo, akatafuna, akashona. Mara kikohozi kikakatika. Nyumba ikawa kimya. Mkono wake ukapanda na uzi hadi midomoni, kama mkono wa mtu mwingine. Akang'ata kijiti kwa nguvu, akavuta pumzi mpaka mkono ukateremka.

"Umeshinda," alinong'ona Bi Shuweha.

Lakini uzi ulikuwa umekaza. Donge lake lilikuwa limebingirika mpaka nyuma ya pazia, na huko kulisikika mtu akitafuna bila haraka.

Mwanahawa akafunua pazia. Mumewe, ambaye hakuwa ameinua kichwa tangu mvua zianze, alikuwa ameketi kitandani akimtazama kwa upole, na uzi mweupe ukizidi kuingia kinywani mwake.