Majani Yaliyokuwa Yakiota Jua

Barazani walikuwepo Fuko, mwenye shimo. Nyungunyungu, jirani yake. Na Parare, ambaye wasiojua humwita Panzi tu. Kunde alikuwepo pia, kwa kuwa shimo lenyewe lilikuwa mizizini mwake.

Fuko alivienzi vinundu vya mizizi ile. Viligeuza hewa kuwa mbolea, na mbolea ndiyo iliyonenepesha viazi vyake.

“Hivi ni vichapakazi,” alisema. “Majani huko juu hufanya nini?”

“Yanaota jua, mzee,” alijibu Parare, aliyechungulia mlangoni.

“Mchana kutwa?”

“Mchana kutwa. Niyapunguze?”

“Mzee Fuko, niachie walau machache,” Kunde aliomba.

“Sifugi wavivu. Kula, Parare.”

Siku ya nne Nyungunyungu alivikuta vinundu, vilivyokuwa vyekundu ndani, vimepauka.

“Vina njaa, mzee. Majani ndiyo yaliyokuwa yakivipikia.”

“Si yalikuwa yakiota jua tu?”

“Yaliota jua kama chungu kinavyoota moto.”

Fuko alijikuna pua, kisha akaamuru Parare akome mara moja. Parare alikuwa amekwisha kumaliza na kuhamia shamba la pili.

Kunde alikufa Jumamosi, kabla ya adhuhuri.