Magoti ya Vendelín

"Vua hizo glavu," alisema Vendelín. "Nimeshakwambia. Mikono mitupu, au basi."

Drahomíra akazivua, akavuta kigoda, akachota marhamu kwa vidole viwili. Alikuwa muuguzi miaka arobaini na mmoja, akisugua migongo na nyayo za watu asiowajua, na alistaafu akiamini kazi hiyo imekwisha. Kumbe. Sasa kila siku baada ya chakula cha mchana, nusu saa nzima kwa saa ya ukutani, alikuwa na magoti ya mumewe mikononi.

"Magoti gani haya yanayojua saa?" aliuliza. "Asubuhi unapasua kuni kama kijana. Mchana ukifika, hoi."

"Uzee huo, mama. Hauna adabu. Sugua na pembeni."

Marhamu ilinuka bangi na mafuta ya nguruwe. Kijijini kwao kila nyumba ilikuwa na kopo lake karibu na dirisha, na Jumapili kanisani ungejua kwa pua tu nani ameamka anaumwa mgongo. Drahomíra peke yake hakuwahi kujipaka. Hata krimu aliyopewa na daktari aliiacha dirishani mpaka ikakauka. Yeye ndiye apakaye wenzake, alisema, na mjadala ukaishia hapo.

Kilichomkera hasa ni blauzi. Mjukuu wao Zdislava angetembea mbele ya maandamano ya sikukuu ya kijiji mwezi wa kumi, na blauzi ya siku hiyo hutariziwa na bibi au haivaliwi kabisa. Mkono mmoja ulikuwa tayari. Wa pili ulikuwa umelala kabatini tangu Pasaka, mweupe pe.

"Magoti yako yananimaliza, mzee," alisema. "Nikitoka hapa sina nguvu hata ya kushika sindano. Mtoto ataaibika kwa ajili yako."

Vendelín alitazama mikono ya mkewe ikienda na kurudi.

Zdislava, aliyekuwa akisomea dawa katika mji wa Olomouc, alikuja mwezi wa nane na makopo matatu yaliyofungwa utepe: mweupe, wa njano, mwekundu.

"Ndani ya mmea wa bangi mna vitu zaidi ya mia, Bibi," alieleza mezani. "Kimoja kinatuliza, kingine kinampunguzia mwenzake ukali, na vile vyenye harufu navyo vina kazi yake. Wengine wanachuja kimoja tu wanakiuza. Mimi nataka kuona kama vikiwa pamoja vinafanya kazi zaidi. Fikiria supu yako ya Jumapili. Karoti peke yake si supu."

"Supu yangu haijawahi kumtia mtu wazimu."

"Kila kopo wiki moja, na Babu anaandika daftarini kila siku. Babu haambiwi lipi lina nini. Mtu akijua, anajidanganya."

"Na mimi?"

"Wewe paka tu, Bibi."

Akapaka. Wiki ya utepe mweupe ilikuwa ya kuchosha. Ilikuwa msimu wa kutoa kokwa za plamu, ndoo nne, na Drahomíra alidondosha kisu mpaka akamtukana paka. Blauzi hakuigusa. Jioni moja aliitoa, akaikodolea macho, akairudisha, na machozi yakamtoka kwa uchovu mtupu.

"Hamna kitu humu," Vendelín alitoa hukumu.

Wiki ya njano akasema afadhali kidogo. Wiki ya tatu, asubuhi ya siku ya nne, angali kitandani akimwangalia mkewe anavyofunga vifungo vya sweta, alisema: "Hili ndilo lenyewe."

"Hata hujasimama!"

"Mtu huyajua magoti yake."

Alimpigia simu Zdislava siku hiyohiyo. Msichana alipiga kelele ya furaha mpaka Drahomíra akaisikia kutoka jikoni. Jeupe lilikuwa na dawa moja tu, iliyochujwa. La njano lilikuwa nazo mbili. Jekundu lilikuwa mmea mzima, majani na maua, kama wapikavyo vikongwe wa kijijini.

"Haya, hongereni," alisema Drahomíra. "Na kesho nitasugua tena."

Akasugua. Lakini plamu zilikuwa zimekwisha, na mwanga wa mwezi wa tisa uliingia vizuri dirishani, basi akapata kushona kidogo kila alasiri. Jumamosi moja, kabla ya saa sita, akauma uzi wa mwisho. Alikaa akiwa ameipakata blauzi, amechoka, hana hata hamu ya kujisifu.

Zdislava alikuwa njiani kuja kuchukua daftari la babu yake. Vendelín mwenyewe alikuwa amepanda kilimani kwenye mizabibu, na magoti yake hayo, mwendawazimu. Drahomíra akaenda bandani kumtolea mtoto daftari mapema. Alilikuta nyuma ya mundu, akalifungua katikati ili aone ni maumivu gani hayo yaliyomla mumewe miezi yote.

"Nyeupe, siku ya nne. Kisu kimemdondoka mara tatu. Amemsingizia paka."

"Njano, siku ya pili. Kopo la kwanza la jamu amelifungua. La pili ameniletea mimi."

"Nyekundu, siku ya tano. Ametunga uzi kwenye sindano bila kuniita. Ameimba."

Drahomíra akarudi ukurasa wa kwanza. Kwa mwandiko wa Zdislava: "Mgonjwa: Bibi. Panapouma: vidole vyote kumi."

Na chini yake, kwa penseli nene ya Vendelín: "Magoti yangu mazima. Asijue, ataacha kupaka."